Shimo Kwanza au Bati Kwanza?

Februari Karatu ni mwezi wa mipango. Vuli imeshapita, masika haijafika, vumbi jekundu limelala juu ya kila jani la mgomba, na kila mwenye uwanja nyuma ya nyumba anajua barabara atakachofanya mvua ikianza. Nasikia wapenda bustani wa Ulaya nao huutumia mwezi huu kuchora vitalu kwenye karatasi, maana ardhi yao imeganda kwa baridi. Yetu imekaushwa na jua, ila jembe linadunda vilevile.

Kinachobishaniwa zaidi ni bwawa. Siyo lambo la ng'ombe, hilo wazee walilijua zamani. Ni bwawa dogo la nyumbani: la samaki, la kumwagilia mboga, au la urembo tu kwa mwenye kambi ya watalii anayetaka mgeni aliyetoka kreta ya Ngorongoro akute maua yanaelea. Wanaolitaka wana hoja na wanaolikataa wana hoja. Nimewakutanisha hapa kwenye baraza la duka la pembejeo, wakiwa wanne, halafu watano. Baraza nimelipanga mwenyewe na watu sikuwapa majina. Hoja ni zile zinazosikika mitaani, na hesabu anaweza kuzirudia yeyote mwenye futi kamba na kalamu. Upande wangu ninao, na sidhani kama nitauficha vizuri.

FUNDI (kijana, kazi yake kuchimba mabwawa): Shikamoo mama. Ule uwanja wako nimeuona, unafaa kabisa. Mita nne kwa tatu, kina mita moja, siku tatu nimemaliza. Tunatandika nailoni, mvua inajaza, unamwaga vifaranga vya sato, Krismasi unakaanga.

MAMA MBOGA (analima nyuma ya nyumba, upande wa Tloma, anauza sokoni mjini): Marahaba, mwanangu. Maji ya kujaza yanatoka wapi?

FUNDI: Si bati lako lile? Tunafunga gata, bomba linashuka moja kwa moja bwawani.

MAMA MBOGA: Bati langu lina mwenyewe. Lina simtanki la lita 5,000, na lile tanki ndilo linalonisomeshea watoto. Mwezi wa nne na wa tano kila mtu Karatu ana sukuma wiki, hata asiyepanda amegawiwa na jirani. Fungu linakunyaukia mkononi. Njoo Septemba. Septemba mwenye maji ndiye mwenye mboga. Sasa wewe unaniambia niimwage Septemba yangu kwenye shimo.

MWALIMU (mstaafu, Mwiraqw wa Rhotia): Taratibu, mama, tumpigie hesabu kwanza. Kijana, milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Bati la mama ni mita nane kwa tano, mita za mraba 40. Ikinyesha milimita 20, na hiyo ni mvua ya kuheshimika ingawa si ya kushangaza, tunapata lita 800. Toa zinazoruka pembeni na zile za kuoshea vumbi na mavi ya ndege, weka 650. Shimo lako linataka lita 12,000. Ni zaidi ya mvua kumi na nane za namna hiyo, na tanki la mama lisionje hata tone.

FUNDI: Mbona Mto wa Mbu yanajaa haraka?

MWALIMU: Kule ulikojifunzia maji yanashuka yenyewe kutoka kwenye ukuta wa bonde. Huku juu maji yanatoka angani, na angani hakuna koki.

Jibu hilo linabeba jiografia nzima ya wilaya hii, iliyomegwa kutoka Mbulu mwaka 1995. Ukipanda upande wa msitu wa Ngorongoro mvua inaweza kupita milimita 1,000 kwa mwaka. Ukishuka bonde la Eyasi inakuwa pungufu ya 400. Wilaya moja, lakini mpango wa bustani hauwezi kuwa mmoja. Mang'ola, ambako mvua ni haba kuliko kote, ndiko kunakotoka vitunguu vinavyovuka mpaka hadi Kenya, kwa sababu kuna chemchemi za Qangdend na mifereji. Mtu wa Mang'ola akikupa ushauri wa bustani, muulize kwanza anamwagilia na nini. Na ushauri wa mtu wa Rhotia usiupeleke Mang'ola bila kuupunguza.

FUNDI: Basi tungojee mvua kumi na nane. Masika haikosi hizo.

MWALIMU: Ngojea. Ila jua nalo bado hatujalilipa. Kiangazi cha huku, na ule upepo wa Julai na Agosti, maji yaliyo wazi hushuka kama milimita tano kwa siku. Uso wa bwawa lako ni mita za mraba 12. Kila siku lita 60 zinapaa. Mama, wewe bustani yako unaipa kiasi gani?

MAMA MBOGA: Vitalu vyote ukiviunganisha ni kama mita za mraba kumi. Naipa ndoo mbili na nusu kwa siku, ndoo za lita 20. Na nimetandaza majani makavu. Bila matandazo zingekwenda nne.

MWALIMU: Lita 50. Kwa hiyo jua peke yake litakunywa kwenye bwawa kuliko bustani nzima ya mama.

Hizo lita 50 zinastahili kutazamwa kwa karibu. Vitalu vyenyewe ni matuta ya kuzama, yako chini ya njia kwa kimo cha kiganja, ili tone linalomwagwa libaki pale pale. Chini kuna samadi iliyooza na mboji, juu nyasi kavu zimelala nene. Ukiingiza kidole chini ya zile nyasi saa saba mchana, wakati njia ya pembeni inaunguza nyayo, unakuta unyevu. Kwenye shina la kila nyanya chungu imezikwa chupa ya maji ya kunywa, kizibo kimetobolewa kwa sindano. Inajazwa jioni na asubuhi iko nusu. Ndoo ya kuoshea vyombo haimwagwi barazani, inakwenda kwenye mgomba. Na mpango wake uko kwenye daftari la shule lenye madoa ya udongo: wiki ya kwanza ya Machi anasia kitalu cha sukuma wiki chini ya kivuli cha nyasi, baada ya mwezi na siku kadhaa anahamishia shambani, mchicha anaumwaga kidogo kidogo kila wiki mbili ili usikomae wote kwa mpigo. Nyanya hazigusi kabla ya Mei, kwa sababu za masika huliwa na baka jani, na dawa ya ukungu ina bei yake. Ukingoni mwa uwanja kuna ngwara na mbaazi, zinazokaa hai hadi kiangazini bila ndoo hata moja.

Nakiri kuwa mbele ya daftari kama hilo shimo la Fundi linaonekana mchezo wa kitoto. Lakini mjadala ungeishia hapo ungekuwa mfupi na wenye kosa.

MAMA MBOGA: Na baridi je? Juni na Julai sisi tunalala na blanketi mbili. Huyo sato atavaa koti?

FUNDI: Samaki hasikii baridi, mama.

MWALIMU: Anasikia sana. Sato hukua vizuri maji yakiwa kwenye nyuzi 25 hadi 30. Yakishuka chini ya 20 anapunguza kula, na asiyekula hakui. Mji huu uko kwenye kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Huyo wa Krismasi utamla bado kidole.

FUNDI: Haya. Mmenipiga kwenye bati, mmenipiga kwenye jua, na kwenye baridi mmenimalizia. Naomba niulize swali moja tu. Mama, mwezi wa nne mvua ikipiga, mbele ya geti lako panapita mto. Nimeuona. Umechimba korongo mpaka bodaboda anashuka kusukuma. Yale maji ni ya nani?

MAMA MBOGA: Ya nani tena? Yanapita tu.

FUNDI: Barabara ile kutoka kwa jirani wa juu hadi kwako ni mita 100, upana mita sita. Mwalimu, malizia mwenyewe.

MWALIMU: Mita za mraba 600. Kwa milimita 20... lita 12,000.

FUNDI: Shimo langu limejaa. Mvua moja.

Mwalimu aliiandika ile namba vumbini kwa kijiti, akaifuta kwa kiatu, akaiandika upya. Ikatoka ile ile. Akatoa nusu kwa ajili ya changarawe inayonywa maji na kingo zinazovuja, bado ilikuwa mvua mbili tu. Mimi naona hapa ndipo mjadala ulipogeuka, ingawa Fundi mwenyewe alikuwa ameshaanza kuzungumzia bei ya nailoni. Alikuja kuuza bwawa la samaki linalonyang'anya bati maji yake. Alipobanwa akataja maji ambayo hayamo kwenye daftari la mtu yeyote. Yale yanayopita barabarani kila masika, yanachukua udongo wa juu wa mashamba, yanapanua makorongo, na Juni yanapokwisha tunaanza kulalamika kiangazi.

Na si wazo geni katika nyanda hizi. Engaruka, chini ya ukingo wa mashariki wa milima hii ya Ngorongoro, kuna zaidi ya hekta 2,000 za mabaki ya viwanja vidogovidogo vilivyozungushiwa mawe na kuunganishwa kwa mifereji. Watu walivilima kuanzia karne ya 15 hivi hadi karne ya 18, wakitandaza maji yaliyoshuka kutoka juu. Hawakuwa na mvua ya kutosha. Walichokuwa nacho ni uamuzi kuhusu maji yanayopita. Wairaqw nao, kabla ya kusambaa kuja Karatu kutoka Mbulu, walikuwa wameshajulikana kwa kilimo cha miinuko mikali: matuta, mifereji ya kutolea maji ya ziada, samadi ya zizini kurudishwa shambani. Mwalimu hupenda kukumbusha kuwa babu zake walichimba hata nyumba ndani ya kilima. Kuchimba, anasema, hakukuletwa na vijana wa nailoni.

MAMA MBOGA: Maji ya barabarani yana tope. Yana oili ya pikipiki. Yamepita kwenye choo cha nani sijui.

FUNDI: Tope linatulia. Kabla ya bwawa nakuchimbia kishimo kidogo, maji yanaingia humo kwanza, mchanga unabaki, juu yanapita safi kidogo. Kila baada ya mvua mbili tatu unachota mchanga unaufyatulia tofali.

MWALIMU: Na hayo hutayamwagia saladi wala karoti ya kutafuna mbichi. Yampe mgomba, mpapai, mbaazi, majani ya maboga. Sukuma wiki itaoshwa na itapikwa; mwagilia chini, kwenye shina, usinyunyizie juu ya majani.

ASKARI (mstaafu wa hifadhi, amejenga Karatu): Naomba na mimi niseme kidogo, maana mnapanga kana kwamba mnaishi Singida. Mama, kutoka uwanjani kwako hadi mpaka wa msitu ni mbali gani?

MAMA MBOGA: Si mbali, afande. Usiku nawasikia.

ASKARI: Unasikia tembo. Pale juu ya kijito cha Endoro kuna mapango yaliyochimbwa na tembo wenyewe kwa pembe, wanakula udongo kwa ajili ya madini. Wamezoea kushuka hadi pale. Tembo mzima mmoja anakunywa zaidi ya lita 100 kwa siku. Ukiwawekea lita 12,000 za maji wazi, na pembeni maboga na migomba, umeandika kibao cha karibu. Hajaja kwa ubaya. Lakini akija anakanyaga nailoni, anang'oa bomba la gata, na kesho yake tunaitwa sisi.

FUNDI: Si kuna kamba za pilipili? Unapaka oili chafu na pilipili kwenye vitambaa, unazungusha. Na mizinga ya nyuki.

ASKARI: Vinasaidia. Sijasema havisaidii. Vinamsaidia mtu anayevihudumia kila wiki, anayepaka upya baada ya mvua. Wangapi hufanya hivyo mwezi wa tatu baada ya kuanza? Aliye mjini kati achimbe. Aliye ukingoni mwa msitu, mimi ningemwambia afunge maji yake kwenye tanki na alaze maboga mbali.

Ushauri huo unauma, kwa kuwa walio ukingoni mwa msitu ndio wenye udongo mzuri na mvua nzuri. Lakini Askari hakuwa amemaliza, na hoja yake ya pili naiona nzito kuliko ya tembo, kwa sababu tembo unamwona.

ASKARI: Mteja wako wa kambi, yule wa bwawa la maua. Alitaka maua gani?

FUNDI: Yale ya zambarau yanayoelea. Alionyesha picha kwenye simu.

ASKARI: Magugu maji. Ndiyo hayo hayo. Yalitoka Amerika ya Kusini yakasambazwa duniani kwa uzuri wake, kwenye madimbwi ya watu wenye nafasi. Mto Pangani yalionekana miaka ya 1950, Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na baada ya hapo wavuvi walikuwa wanashindwa hata kutoa mitumbwi. Hakuna aliyekusudia. Watu walipenda ua. Mwambie apande yungiyungi, lipo la kwetu. Na ule mwiba wa ua wenye maua ya njano ambao watu wanapanda kuzungushia viwanja, wataalamu wanauita Caesalpinia decapetala, tayari umo hifadhini na kuung'oa ni kazi ya panga na damu.

FUNDI: Samaki je? Samaki hatembei.

ASKARI: Bwawa likifurika anatembea. Makorongo ya huku yanashuka, mengine Manyara, mengine Eyasi. Kwenye maziwa hayo kuna perege wake, Oreochromis amphimelas, aliyezoea maji ya magadi, hapatikani nje ya Tanzania. Sato ukimwachia akafika kule, atamwingilia chakula na mazalia, hata kuzaana naye. Utakuwa umefuga samaki wako na kumaliza wa nchi.

Hapo ndipo alipoingia wa tano, mama wa Kimaasai aliyekuja mnadani kutoka Nainokanoka, ndani ya hifadhi ya Ngorongoro. Alikuwa amesimama pembeni akichagua kamba ya ng'ombe.

MWALIMU: Karibu, yeyo. Sisi Wairaqw wanyonge tulijificha ardhini kwa kuwaogopa ninyi, sasa tunachimba tena. Msije mkatukimbiza.

YEYO: Asante, baba. Chimbeni tu, ng'ombe zenu siku hizi hazina faida. Ila nashangaa. Ninyi mnagombana shimo liende wapi na mchicha uende wapi. Mimi nikipanda mchicha mbele ya nyumba yangu ni kosa.

MWALIMU: Kilimo kilikatazwa huko mwaka 1975. Mwaka 1992 kikaruhusiwa tena, na 2009 kikafungwa.

YEYO: Wewe unajua miaka. Mimi najua bustani. Ile ya kuruhusiwa nilikuwa nayo, viazi na maharage kidogo, nyuma ya boma.

ASKARI: Yeyo, ulianza na bustani kidogo, jirani akaweka ekari, mwingine akaleta trekta. Lile ni eneo la kilomita za mraba 8,292, urithi wa dunia tangu 1979. Ukifungua kidogo hujui utafunga wapi.

YEYO: Najua hamkujua pa kufunga, ndiyo maana mlifunga kwangu. Lakini sikuja kubishana na wewe, umestaafu. Nataka kusikia habari ya Septemba. Huyu mama anasema Septemba mboga ni ghali. Ghali kwa nani? Kwa sisi. Nyie mnakula za uani. Mimi napanda gari kuja kununua fungu hapa, nalipa nauli, nalipa na lile jua lenu la lita 60.

Sina jibu la kumpa kuhusu 1975 na 2009, na sidhani bustani za Karatu ndizo zitakazolileta. Tangu 2022 wapo majirani zake waliohamia Msomera, Handeni, na hilo nalo lina mijadala yake, mikali kuliko huu. Lakini alichokisema kuhusu Septemba kinabadilisha hesabu ya Mama Mboga. Bustani ya nyuma ya nyumba kwenye mji huu hailishi nyumba moja. Inalisha na wale ambao sheria imewakataza kuwa nayo. Kwa hiyo kila siku ambayo kitalu kinabaki kijani kiangazini ina mlaji wake, hata kama halijui daftari.

Mwalimu alirudi vumbini na kijiti chake. Nitaieleza hesabu yake kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndiyo iliyonivuta upande niliopo.

Tuseme masika imekuwa ya kawaida na mwisho wa Mei tanki la mama limejaa, lita 5,000, na bwawa la maji ya barabarani limejaa, lita 12,000, halivuji. Bustani inataka lita 50 kwa siku. Jua linachukua 60 bwawani, tanki lililofunikwa halipotezi kitu. Watu wengi hufungua koki ya tanki kwanza, kwa sababu ndiyo iliyo karibu na maji yake ni safi. Basi kuanzia Juni mosi tanki linaisha baada ya siku 100, tarehe 9 Septemba. Wakati huo bwawa, bila kuguswa na mtu, limeshapoteza lita 6,000. Zilizobaki zinaliwa na bustani na jua kwa pamoja, lita 110 kwa siku, zinakwisha mwanzoni mwa Novemba.

Sasa geuza. Fungua bwawa kwanza, tanki lifunge kufuli. Bwawa linapungua kwa lita 110 kwa siku na kufika katikati ya Septemba, tarehe 18. Ndipo unafungua tanki, ambalo halijapoteza hata kikombe, nalo linakwenda siku 100 hadi baada ya Krismasi. Maji ni yale yale, shimo ni lile lile, bustani ni ile ile. Kilichobadilika ni kipi kimeanza kufunguliwa, na zimepatikana karibu wiki nane. Vuli ikichelewa, nayo huchelewa, hizo ndizo wiki nane zenyewe.

FUNDI: Lakini mwalimu, ukilikausha bwawa Septemba, samaki watakaa wapi?

MWALIMU: Hawatakaa. Ndiyo maana nasema si bwawa la samaki.

FUNDI: Basi watu hawatachimba. Mtu anachimba kwa sababu anamwona samaki. Hakuna anayelipa siku tatu za sururu kwa ajili ya Septemba.

MAMA MBOGA: Mimi nitalipa.

Fundi hapa hakuwa anabisha tu. Ameuza mashimo ya kutosha kujua kinachomfanya mtu atoe pesa, na sisi wenye hesabu tunasahau kirahisi kwamba mtu hachimbi kwa sababu ya jedwali. Samaki anaonekana, mtoto anamwita mwenzake aje amwone. Maji yaliyotunzwa hayaonekani mpaka yanapokosekana kwa jirani. Lakini hata hivyo sikubaliani naye kwamba samaki ndiye chambo pekee. Fungu la mnavu la Septemba linaonekana pia, likiwa sokoni peke yake.

MAMA MBOGA: Nitalipa, ila kwa masharti yangu. Halitakuwa pana. Punguza upana, ongeza kina, jua lipate uso mdogo wa kunywea.

FUNDI: Ukiongeza kina kuta zinabomoka, mama. Udongo huu ukilowa hauna urafiki. Nitaweka ngazi ukutani, chini jembamba juu pana kidogo.

MAMA MBOGA: Sawa. Juu utanijengea kichanja, nipandishe pasheni, kiwe kivuli. Uzungushe uzio wa kweli, siyo wa mabua, mjukuu wangu ameanza kutembea. Na mbu?

FUNDI: Hapo ndipo nilipotaka perege wachache, watakula viluwiluwi. Sio wa kuuza. Wa kazi.

ASKARI: Wa kutoka wapi?

FUNDI: Afande, perege watano!

ASKARI: Magugu maji yalianza na mche mmoja. Weka wavu mdogo juu ya maji, wavu wa chandarua chakavu. Mbu hataingia kutaga.

MAMA MBOGA: Chandarua ninacho. Na nailoni je, bei yake imenishtua.

MWALIMU: Jaribu bila nailoni mwaka wa kwanza. Udongo wa mfinyanzi upo kule bondeni, uchanganye na kinyesi cha ng'ombe, ukandike kuta na sakafu, kisha uwaingize ng'ombe wakanyage siku nzima. Malambo yalitengenezwa hivyo kabla ya nailoni kuzaliwa. Litavuja kidogo, utajua linavuja kiasi gani, ndipo uamue kununua.

FUNDI: Ngazi ukutani halafu ng'ombe? Wataingilia wapi, mwalimu?

MWALIMU: Basi kanyaga wewe na wenzako. Mna nguvu.

YEYO: Mimi nina swali la mwisho, halafu gari langu linaondoka. Haya maji ya barabarani mnayoyakata yaingie kwa mama. Kabla ya hapo yalikuwa yanakwenda kwa nani?

Baraza zima lilimgeukia Mama Mboga, naye alikuwa anatazama upande wa bonde.

MAMA MBOGA: Kwa jirani wa chini. Ana mahindi pale. Sijui kama yanamsaidia au yanamharibia.

ASKARI: Ukiweka mfereji kutoka kijitoni unahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Kati, hilo linajulikana. Ya barabarani watu wanachukulia ni ya bure. Lakini ukiyafunga yote yeye akakosa, au ukayaachia yafurike yote kwa mpigo yakambomolea tuta, kesi itafika kwa mtendaji kabla shimo halijajaa mara ya pili.

FUNDI: Kwa hiyo tunafanyaje? TMA, watu wa hali ya hewa, wameshatoa mwelekeo wa masika. Kesho nina kazi nyingine Oldeani, nikiondoka sirudi kabla ya mvua.

MAMA MBOGA: Acha sururu hapa dukani, mwanangu, twende kwake sasa hivi. Mwalimu na wewe uje, na kijiti chako. Akikubali atoe siku moja ya kuchimba, shimo la pili tunachimba kwake.